Gauni la Kijani la Wifi

Wiki ile sikukaa kitako. Nikikaa kwenye kiti cha plastiki uani, nainuka. Nikiingia jikoni, nasahau nilichofuata. Nikishika simu naiweka, nikiiweka naishika tena. Mama akasema nitamchimbia sakafu. Nikamjibu kwamba sakafu ni ya saruji, haichimbiki kwa ndala. Siku za kawaida simjibu mama yangu hivyo, lakini roho ilikuwa juu juu, na sababu nitaisema mapema ili mtu asije akadhani nina wazimu.

Watu wawili walikuwa wanasubiri jibu langu, na wote walinipa mwisho mmoja, Jumamosi saa sita mchana.

Wa kwanza alikuwa seremala wa barabara ya pili. Aliamua kuigawa karakana yake na kupangisha nusu ya mbele, ile yenye dirisha kubwa linalotazama barabarani. Nilishakwenda kuiangalia mara nne. Kichwani mwangu cherehani ya mama ilishakaa pale dirishani, meza ya kukatia ukutani, kioo kirefu karibu na mlango, na mimi nikishona magauni yangu mwenyewe, yenye jina langu kwenye ukosi. Seremala alisema kuna muuza vipuri vya pikipiki naye anakitaka chumba. Ananishikia mimi kwa sababu mama ndiye aliyemshonea suti yake ya harusi, lakini hawezi kunishikia milele.

Wa pili lilikuwa duka la mtandaoni. Mimi ni muuza linki. Kazi yenyewe ni hivi: duka lina picha za nguo, mimi nachukua picha naituma kwenye makundi yangu ya simu pamoja na linki yangu, mtu akiibonyeza akanunua, napata kamisheni. Silipi pango, silali na mzigo ndani, na nguo ikiwa mbovu lawama ni ya duka. Jumatatu ile mratibu wao wa mauzo, mwanamke mwenye sauti laini ambaye sijawahi kumwona sura, alinipigia akasema nimewashinda wauzaji wote, wanataka kunifanya wakala mkuu. Mshahara kila mwezi, kamisheni juu yake. Sharti lilikuwa moja tu, nisiuze nguo nyingine yoyote, ya mtu wala ya kwangu. Mkataba ulikuwa kwenye simu, chini kabisa kuna kitufe kimeandikwa Nakubali.

Yaani ama hiki ama kile. Na mimi, ambaye mtaa mzima unaniita Mkasi kwa sababu ya ulimi, nilikosa la kusema.

Mama alikuwa na lake. Ameshona miaka arobaini, na sasa macho yamechoka kiasi kwamba uzi anautia kwenye sindano kwa kubahatisha. Mtu angetegemea aseme mwanangu, shika kazi yangu. Thubutu.

"Bonyeza," aliniambia. "Bonyeza hicho kitufe ukalale."

"Kwa nini, mama?"

"Unajua fundi nguo ni nani? Fundi ni mtu anayesema njoo Jumatano, Jumatano anasema njoo Ijumaa, na Ijumaa akisikia hodi anajificha chooni."

"Wewe ulijificha chooni?"

"Nani nilikuwa namtuma mlangoni akaseme sipo?"

 Ni kweli, alikuwa ananituma mimi. Nilikuwa na miaka sita, nimesimama mlangoni nikiwadanganya watu wazima huku nyuma ya ukuta nasikia mama yangu anabana kikohozi.

Wifi, mke wa kaka yangu, alikuwa upande wa pili. Kaka anafunga minara ya simu huko mbali, anarudi baada ya miezi, kwa hiyo wifi anaishi nasi. Ni katibu katika ofisi ya mawakili, mrefu, mabega mapana, kiuno chembamba, mwili ambao nguo za dukani hazijui ziuanzie wapi.

"Shona, wifi, shona," alisema huku anapaka mafuta miguu. "Ukiajiriwa na hao nani atanivalisha?"

"Wewe unataka nguo za bure."

"Sasa mawifi wana kazi gani nyingine?"

Basi nikaendelea kuzunguka ua. Alhamisi nilikwenda kwa seremala nikapima dirisha kwa mara ya tano, nikarudi nyumbani nikafungua mkataba, nikausoma mpaka kwenye kitufe, kidole kikasimama hewani. Nikaifungia simu kwenye kabati la vyombo. Baada ya dakika tano nikaenda kuitoa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu. Ukiuza linki, mteja akirudisha nguo, kamisheni yako inakufa. Na nguo za duka lile zilikuwa za kurudishwa, niseme ukweli. Kwapa linabana, mgongo umevimba, pindo limepanda mbele limeshuka nyuma. Mteja ananipigia analalamika, mimi namwambia usirudishe, lete hapa. Analeta. Nafumua, napunguza, nahamisha, napiga pasi, anaondoka anacheka. Bure. Nilijiambia nalinda kamisheni yangu. Uongo mtupu. Nilikuwa siwezi kuuona mshono mbaya ukitembea barabarani na mtu wangu ndani yake, inanikera. Kule dukani wao waliona tu kwamba wateja wa Mkasi hawarudishi mzigo, wakadhani nina bahati.

Sasa lile gauni la kijani. Wifi alilinunua kwa linki yangu, la kuvaa kwenye kumuaga bosi wake anayestaafu. Lilipofika tulicheka mpaka tukakaa chini. Mikono ilikuwa kama foronya, kiuno kimekaa kwenye mbavu. Nikalifumua lote. Nikatoa mikono, nikashusha kiuno mahali pake, nikakata upana wa sketi, na kitambaa kilichobaki nikashonea ukosi wa kulalia begani. Michana mitatu nilikuwa kwenye cherehani ya mama. Wifi alipolivaa, mama mwenyewe, na macho yake yale, alisema, "Haya." Mama hasifii, akisema haya amesifia.

Mfanyakazi mwenzake akampiga picha mlangoni mwa ofisi. Picha ilikuwa nzuri bwana, amegeuka nusu, ukosi umelala, sketi inamfuata. Nikaituma kwenye makundi yangu yote. Nikaandika, gauni la kijani lile lile, linki hii hapa.

Naapa sikukusudia. Mtu asiyeshona angekumbuka kwamba gauni lile halifanani tena na lililoko dukani. Kwangu mimi lilikuwa lile lile, nimelinyoosha tu lilipopinda. Nimezoea kuokoa nguo za watu mpaka nikawa sihesabu kwamba nimefanya kitu. Watu thelathini na mmoja waliagiza ndani ya siku mbili, na ndiyo maana mratibu alinipigia Jumatatu na sauti yake laini.

Mizigo ikafika Ijumaa.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa nesi wa zahanati ya jirani, mama mmoja mnene mpole, mteja wangu tangu mwanzo. Alikuwa na mfuko mkononi.  Akaingia chumbani kwangu, akavaa, akatoka akasimama uani kwenye jua. Mikono foronya, kiuno mbavuni. Aliinua mikono kidogo, akaishusha.

"Mkasi," akasema, "hili ndilo la wifi yako?"

 Nilitaka kusema ni duka. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, nimeitumia mara nyingi, si mimi dada yangu, ni duka. Akanitazama akingoja, na sentensi ikakataa kutoka.

"Nilinunua la kuvaa kwenye mahafali ya mwanangu," akasema. "Mwisho wa mwezi. Nilipoona picha nikasema hata mimi nitapendeza. Kumbe ni mwili wangu."

Hilo la mwili ndilo lililonimaliza. Hakunishutumu. Alijishutumu yeye, amesimama pale na gauni bovu, anaona kasoro ni ya kwake.

"Liache," nikamwambia. "Nitalirekebisha."

Akaliacha. Kabla sijakaa, simu ikaanza. Mwalimu wa chekechea, muuza dawa, dada wawili wa saluni, wote wanatuma picha zao wamevaa kijani, wote wamenuna. Mmoja aliandika, Mkasi umetukata. Mwingine akauliza kama wifi yangu nimemkata kwa kompyuta. Hakuna hata mmoja, na nilisoma zote huku natembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kamba ya nguo na kurudi, hakuna aliyeandika duka. Wote waliandika wewe.

Nikapiga hesabu haraka ya kifundi. Gauni moja michana mitatu, na yako thelathini na moja, na duka linapokea nguo za kurudishwa ndani ya siku saba tu. Haiwezekani hata ningekuwa na mikono minane.

Nikampigia mratibu.

"Dada yangu mpendwa," akasema, "hongera, oda zako zimetia fora. Mbona hujabonyeza?"

Nikamweleza. Gauni la kwenye picha mimi nimelishona upya, lililoko dukani ni baya, watu wanalalamika.

"Waambie miili inatofautiana."

"Miili haina tatizo. Kiuno cha gauni kimekaa mbavuni."

"Hilo usiliandike," akasema, bado kwa upole. "Sikiliza. Wewe bonyeza, na kesho mchana picha ya wifi yako tunaiweka ukurasa wa mbele wa duka. Nchi nzima itaiona. Watakaorudisha watarudisha, si wengi, watu huona aibu kurudisha."

"Lakini gauni lile ninyi hamna."

"Picha si ipo?"

 Nilikata simu, nikaiweka juu ya cherehani, nikaingia chooni nikajifungia. Nikakaa kwenye ukingo wa ndoo. Hapo ndipo nikamkumbuka mama anayejificha, nikatoka haraka.

Mama alikuwa amelichukua gauni la nesi. Alilipakata kwenye mapaja, vidole vinapita kwenye mishono. Kisha akalivuta la wifi kutoka kwenye kamba, akapitisha vidole humo pia.

"Hili ulilifumua lote," akasema.

"Lote."

"Na ya wengine ulikuwa unafumua."

"Ulikuwa unajua?"

"Sioni, lakini nasikia. Cherehani yangu ilikuwa inalia kila mchana, unafikiri nadhani anashona panya?" Akayaweka magauni kando. "Kwa bure, mwanangu. Mimi nilijificha chooni lakini angalau nilikuwa nimeandika jina langu mlangoni."

"Naogopa, mama," nikasema. Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo mbele yake tangu utotoni, likatoka lenyewe. "Nikiuza linki, nguo ikiwa mbaya nasema ni duka. Nikiweka jina langu kwenye ukosi, ikiwa mbaya nasema nini?"

"Leo umesema nini?"

"Sijasema kitu. Wote wananitaja mimi."

"Basi," akasema, akaanza kutafuta miwani yake ambayo ilikuwa kichwani.

 Sikuwa na hamu ya kuambiwa zaidi, maana nilishaelewa na nilikuwa na hasira na kuelewa kwenyewe. Miezi kumi na minne ya kuuza linki nilidhani nina mahali pa kujificha, kumbe nimesimama uwanjani peke yangu wazi kabisa. Nguo zote zile zilikuwa za jina langu. Tofauti ni kwamba nilikuwa siruhusiwi kuzikata vizuri tangu mwanzo.

Jumamosi nilikunywa chai nimesimama. Saa tatu nilianza kuandika, nikafuta. Saa nne nikaandika tena. Wifi, ambaye hakwenda kazini, alikuja kusimama nyuma yangu anasoma begani.

"Usinitaje umri," akasema.

"Nani anataka umri wako?"

Niliandika hivi: Gauni la kijani mnaloliona kwenye picha halipo dukani. Nililifumua na kulishona upya kwa mikono yangu, na nilipowatumia picha sikuwaambia. Kosa ni langu, miili yenu haina kosa lolote. Rudisheni dukani kabla siku saba hazijaisha, mtarudishiwa pesa zenu zote. Anayetaka gauni kama la wifi, nitampima mimi na nitamshonea mimi.

"Wakirudisha wote thelathini na mmoja," wifi akasema polepole, "wewe unabaki na nini?"

"Sijui."

"Na hao wakubwa wakiona?"

"Watanifungia akaunti."

 Kisha akaninyang'anya simu. Nilidhani anataka kufuta, nikamshika mkono, tukavutana kidogo kama watoto. "Niachie, wewe," akasema. "Umeandika kama si kazi yako, hujasema lilivyo zuri." Akaongeza mwishoni kwa vidole vyake: Mimi ndiye wifi mwenyewe, nimelivaa mara tatu na bosi aliyestaafu ametaka kurudi kazini. Halafu, kabla sijapumua, akatuma.

Kilichofuata sikukitegemea kiwe kibaya vile. Nilijitia moyo kwamba ukweli utashangiliwa. Watu kumi na tisa walitoka kwenye makundi ndani ya saa moja. Muuza dawa aliandika kwamba alijua siku nyingi mimi ni tapeli. Dada wa saluni walituma kicheko tu, kisha nao wakatoka. Mratibu hakupiga. Saa tano na nusu nikafungua linki yangu, ikaandika kwamba akaunti hii haipo. Kitufe cha Nakubali kilikwenda na akaunti. Nilikaa, kwa mara ya kwanza wiki ile, na nilipokaa ndipo nikalia. Sikulia kwa uzuri. Nililia na makamasi, na mama akanipa kipande cha bitana nijifutie kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa sita kasorobo."

"Na seremala alisema saa ngapi?"

Nilikwenda na uso ule ule, ndala za rangi mbili miguuni. Muuza vipuri alikuwa ameshafika, amesimama dirishani na futi ya chuma mkononi, anapima dirisha langu. Nikampita. Nikamwambia seremala naichukua, yeye akamtazama muuza vipuri, akatazama saa ya ukutani, akanitazama usoni.

"Umefiwa?" akaniuliza.

"Nimeachishwa kazi."

"Ndiyo unachukua chumba?"

"Ndiyo nachukua chumba. Usiniulize sana, nitabadilisha mawazo."

Akacheka, akamwambia muuza vipuri pole.

Jumatatu seremala na wifi walisukuma mkokoteni wenye cherehani, mama anatembea pembeni ameushika ubao wa cherehani kana kwamba ni mkono wa mgonjwa. Chumba kilinukia vumbi la mbao. Tulifagia mara tatu na bado kitambaa cheupe kikigusa meza kinachafuka. Nilihamisha kioo kutoka mlangoni mpaka ukutani, kutoka ukutani mpaka mlangoni. Mama akaniambia nimeanza tena. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, barabarani watu wanapita wanatazama ndani na kuendelea na safari zao. Kwenye simu hakuna aliyeandika. Nilianza kumwonea wivu muuza vipuri, ambaye wakati huo alikuwa hana chumba na hana presha.

Karibu saa saba nesi akaingia. Alikuwa amevaa sare yake ya kazi, jasho usoni.

"Gauni langu nililoliacha kwako liko wapi?"

Nikampa. Nilikuwa nimelikunja vizuri kwenye mfuko wake, sijaligusa. "Lirudishe dukani," nikamwambia. "Bado una siku nne."

Akaupokea mfuko, akauweka sakafuni karibu na mguu. Akanitazama. Kisha, bila kuambiwa, akavua koti la sare, akasimama katikati ya chumba na kuinua mikono yote miwili pembeni, kama anavyosimama mtu anayepimwa.

Mimi hupima watu kwa jicho. Ni majivuno yangu, sijawahi kukosea kwa zaidi ya kidole kimoja. Siku ile nilitoa futi ya mama shingoni mwake. Nilipima kifua mara mbili. Nilizisoma namba kwa sauti, na mama, aliyesema bonyeza, alikuwa amekaa kwenye kigoda na kalamu, anaandika kwa herufi kubwa sana kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

"Mahafali ni tarehe ishirini na tisa," nesi akasema huku anavaa koti. "Nije lini kulijaribu?"

"Jumatano," nikamwambia, haraka, nikitabasamu.

Mama akaacha kuandika. Hakuinua kichwa.

"Mwambie ukweli," akasema.

Nikatazama cherehani moja, mikono miwili, na kitambaa ambacho nilikuwa hata sijakinunua.

"Jumanne ya wiki ijayo," nikasema. "Uje jioni. Nitakuwepo."

Mama akaandika Jumanne.